Gesi ya Jikoni kwenye Gari la Baba

Niš, 19 Agosti

Radivoje,

Salamu za kukupa leo sina. Pilipili hoho tumeshazichoma na kuzisaga, chupa arobaini za akiba ya majira ya baridi, na yako haimo.

Julai nilikuambia mbele ya Baba, spana mkononi: "Gari hili la zamani, gesi ya kiyoyozi chake haiuzwi tena. Ngoja nibadilishe mipira na mafuta, ndipo nitie gesi ya sasa." Ukanicheka. "Dada, gesi ni gesi! Kila mtu hapa anatia ya kupikia, inapoza kama theluji ya Januari!" Mimi nina miaka ishirini ya kutengeneza viyoyozi vya magari, wewe unauza mazulia Vienna, halafu unifundishe kazi? Ukabeba mtungi wa jikoni, ukajaza kiyoyozi, majirani wakakupigia makofi, ukaenda zako.

Mipira ile michakavu ikavujisha gesi ndani ya gari. Unamjua Baba: kwake upepo wa dirishani unaua kuliko vita. Alikaa na vioo vyote juu, na Jumatano, nje ya soko, akawasha sigara.

Yu hai. Nyusi hana, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni, na supu namlisha mimi. Usithubutu kutuma maua.

Jana nilimtoa hospitali kwa gari langu. Hata hajakaa vizuri, akaniambia kwa sauti ndogo: "Desanka, mwanangu, fungua madirisha yote."

Usikanyage hapa mpaka siku atakayoomba yafungwe.

Dada yako, kwa kuwa sikuulizwa kama nataka,
Desanka