Wajane Wawili wa Nassor

Thamesmead, London

Kwako mdogo wangu Asha binti Faki,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukukute umekaa, maana ukiwa umesimama utautupa dirishani. Goti linakupa nafuu? Na ile presha, bado unaitibu kwa ukali? Mie kaka yako Makame nipo. Meno yaliyobaki ni ya kutafunia mkate mlaini tu, na lifti ya jengo letu imekufa, kwa hivyo nimefungwa ghorofani kama kasuku. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki ni mabaya, na sina elimu ya kuyapamba. Unakumbuka kule chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikuwa nakaa karibu na mlango, na si kwa ajili ya upepo.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Anapokea mwanao Hamad, ananambia mama kalala. Asha, anayelala hivyo ni paka, si binadamu. Ndiyo nikaamua kuandika, na barua nimempa mama mmoja wa Mtambile anayekuja huko, nikamwapisha akutie mkononi wewe mwenyewe.

Mwanao tumemzika. Najua Hamad kakwambia kuwa Nassor kachomwa moto na Makalasinga. Hakuchomwa. Kalala kaburini kwa ubavu wa kulia, kaelekea kibla, chini ya udongo wa huku, mzito wenye maji. Hilo nimelitanguliza ili pumzi zikurudie. Sasa nikupe kisa chenyewe, maana ulicholetewa wewe ni mchuzi, samaki kabaki huku.

Nassor alikuwa akikaa na Balbiri. Usijifanye leo ndiyo unasikia, ulikuwa ukilijua jina hilo ukiligeuzia uso. Balbiri ni Kalasinga wa Kisumu, baba yake alikuwa seremala huko. Walihamia Southall, hapa hapa London, yeye hajaota ndevu, na sasa anazo za kuwatosha watu watatu. Kiswahili chake ni kile cha dukani lakini kinafika. Yeye fundi umeme, Nassor dereva wa basi. Walikaa pamoja miaka, na kila Jumapili wananiletea chakula, hiki kakipika yule na kile kakipika huyu, wanabishana chumvi mbele yangu.

Kwanza serikali iliwapa kitu ambacho mie nilikiita nusu ndoa. Kina karatasi, kina sahihi, lakini jina la ndoa hakina. Wao na wenzao wakadai nzima. Asha, ungeona vita vile! Bungeni wanabishana, redioni wanabishana, kwa kinyozi wetu mtu katoka na nusu kichwa hakijanyolewa kwa sababu ya ubishi. Mbele ya Bunge walisimama wenye kupinga, Wakristo na Waislamu chini ya bango moja. Nikasema ajabu, hawa hawajapatana juu ya Mungu lakini juu ya Nassor wamepatana. Ng'ambo ya barabara, mvuani, kasimama Nassor na Balbiri na mwavuli mmoja. Upande wa wapingaji alikuwapo Mbarouk, mwenyekiti wa jumuiya yetu, na Nassor alimpungia mkono. Mbarouk alisahau, akampungia na yeye.

Sheria ikapita, wakaoana. Mie sikwenda. Dini yangu naijua, japo kwa kipande. Pilau lililobaki waliniletea, nalo nililila.

Halafu Nassor kashikwa na kansa ya tumbo. Kapukutika, Asha, mpaka sare yake ya kazi ikawa kama imetundikwa kwenye msumari. Balbiri aliacha kazi akawa anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Nilipokuwa nakwenda kumtazama, Nassor ananambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mama hajapiga?" Namwambia mtandao wa Wete mbovu. Akacheka. Alijua.

Akafa hospitali, Balbiri kamshika mguu.

Sasa hapa ndipo lilipoanza la kwetu. Desturi yetu huku, mtu wetu akifa, Mwenyekiti Mbarouk anakwenda na vijana wa jumuiya, anasema "Huyu wetu," maiti inatoka, na jua halijazama tumeshaichimbia. Siku zote jamaa wa marehemu ndio wanaomtuma, kwa hivyo hospitali haigombi. Mbarouk akafikiri inatoka kwa sababu ya kofia yake. Kafika, kasema huyu wetu. Muuguzi kamuuliza, wewe nani wake?

"Mwenyekiti."

"Maiti itatoka kwa idhini ya mume wake."

"Mume gani? Huyu mwanamume!"

"Ndiyo," kasema muuguzi, "na mumewe yule pale kakaa."

Mbarouk kageuka kamwona Balbiri na kilemba chake. Nilitaka kucheka, Asha, Mungu anisamehe, maiti iko nyuma ya pazia. Lakini Mbarouk hakucheka. Alisema mbele ya wote, "Nassor ana mke. Yuko Wete. Ana mke halali tangu zamani." Akampigia Hamad pale pale.

Yeye na Hamad wakachukua wakili, wakaenda mahakamani kuzuia Balbiri asipewe maiti. Sisi watu tunaokimbiza jeneza kama linaungua, tukamweka mtoto wetu kwenye barafu wiki juu ya wiki, tunagombana nani mwenye mjane wa kweli. Kila siku Balbiri anakwenda kukaa nje ya jengo la maiti. Haingii, anakaa tu kituo cha basi. Madereva wanamjua, wanapunguza mwendo, wanamsalimu kwa taa.

Jumuiya ilipasuka. Wengine wanasema huyo si wetu tena, wazungu wamzike. Wengine wanasema ni wetu lakini asitoke kwa mkono wa yule. Jirani yangu Mama Neema, Mkristo wa Mbeya, kazi yake kuwaogesha wazee wa kizungu, kanambia, "Mzee, mimi hiyo ndoa siikubali, Biblia imekataza. Ila hata mbwa hawekwi hivyo." Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kizungu, kanambia nyote mna wazimu. Hiyo hata mie nilielewa.

Mbarouk kaniita kwake, kanitilia chai ya tangawizi. Ukiona bahili anakutilia chai, jifunge kibwebwe.

"Mzee Makame, damu ni damu. Utasimama shahidi wetu."

"Niseme nini?"

"Ile ndoa ya Wete, si uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi. Sema uliisikia, ukae."

Nikenda. Mkalimani msichana wa Mombasa, hakimu mwanamke mwenye miwani. Hamad alikuwa kwenye skrini, kavaa kanzu ya Idi. Akaapa kwamba Nassor alimtuma akae mahala pake siku ya kuoa, na kwamba Zuwena aliyemwozesha huko Wete ni mke halali, na hivi sasa yuko ndani anakaa eda. Hakimu akauliza eda ni nini. Mkalimani akamweleza: mjane anafungiwa miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hatii manukato. Hakimu aliandika kwa muda mrefu sana.

Nikaitwa mie. Wakanipa Msahafu. Asha, unajua mie nachezea kila kitu, hata mazishi yangu nishayafanyia mzaha. Msahafu siuchezei.

Wakili wetu akauliza, uliisikia ndoa? Nikasema niliisikia. Akaketi amefurahi. Kainuka wakili wa Balbiri: "Siku hiyo bwana harusi alikuwa wapi?"

Nikasema alikuwa jikoni kwangu anapaa samaki.

Wewe unaijua siku hiyo. Simu ililia, Hamad kwenye spika, nyuma vigelegele, "Mpe hongera bwana harusi!" Nassor kasimama na kisu, magamba mpaka kwenye nyusi, kaniuliza, "Mjomba, wamenioza?" Halafu akakupigia wewe, mbele yangu. Alisema, "Mama, mie sikumtuma mtu. Mwacheni huyo mtoto wa watu aende zake." Na wewe ulisema, "Utazoea." Basi nikayasema yote, kama yalivyo, mpaka samaki nikawatajia kuwa ni changu. Hamad kwenye skrini akapiga kelele, "Mjomba, unatuuza!" Nikamwambia, kama ningekuwa nauza nisingekuuza wewe, nani atakununua? Hakimu kaniambia nijibu mahakama tu.

Ikatoka hukumu. Ndoa ya Wete haikuwa ndoa, bwana harusi hakukubali wala hakutuma. Ya London ni ndoa, walikubali wote wawili. Maiti ni ya mumewe. Skrini ikazimika.

Kwa hivyo ukitafuta aliyeivunja kesi yako, usihangaike. Ni mie, na nimekwambia mwenyewe.

Nje ya mahakama Mbarouk alisema, "Sasa watakwenda kumchoma." Na mie nikadhani kweli, maana wao kwao huchoma, na karatasi sasa anayo yeye. Balbiri kanijia, macho mekundu. "Mjomba," kasema, "Nassor alisema azikwe kama babu yake. Mimi najua kulia tu, kuosha yenu sijui. Nani ataosha?"

Nikawapigia waoshaji wetu. Wa kwanza mgongo unamuuma. Wa pili yuko safarini, na huku nyuma namsikia mkewe anamwita kula. Wa tatu ndiye mkweli, kasema mkono wangu sitii. Mlinzi wa msikiti mmoja alinipa ufunguo wa chumba cha kuoshea, kanambia, "Mzee, mie leo sijakuona."

Tukaosha wawili, mie na Kalasinga. Mie nasugua, yeye anatia maji. Mtu mzima wa umri wangu, mgongo umepinda, elimu yangu ya kuosha ni ile ya kumchungulia marehemu baba akiosha wengine. Nikamgombeza, "Ubavu wa kulia kwanza, Singa, kulia!" Maana nisipogombeza ningelia. Tukamgeuza. Mkono wangu ulikuwa mzito, nikambonyeza ubavuni.

"Polepole hapo, mjomba," kasema Balbiri. "Hapo panamuuma."

Panamuuma. Mtu wa kwenye barafu. Nikapunguza mkono, Asha. Nikaosha pale polepole mpaka mwisho.

Tukamtia karafuu maiti, tukamvisha sanda. Sala niliongoza mie, sina budi, na unajua Kiarabu changu kinachechemea. Nyuma yangu madereva wanne wa mabasi, Wasomali na Mbangla mmoja, hawakuuliza kitu. Balbiri kasimama pembeni, mikono kaifumbata. Mama Neema kasimama kwenye geti na birika la chai. Nilipotoa salamu kugeuka, nikamwona Mbarouk safu ya nyuma peke yake, kola ya koti imepanda mpaka masikioni. Alisali. Hakunipa mkono, akaenda zake. Sikumfuata. Mtu akija mwenyewe usimkamate.

Sasa nisikilize, na usinikatie kauli kama kawaida yako. Sikwambii ilikuwa halali. Nilimwuliza sheikh mmoja hapa, mtu mkali, anayemlaani Nassor mpaka leo. Nikamwuliza ile ya Wete tu. Akasema, mtu kuozwa bila ya kutuma wala kuridhia, hapana ndoa. Basi piga hesabu na mie nisiyesoma. Kwa dini, Nassor kafa kapera. Kwa serikali ya huku, kafa na mume. Shika upande wowote unaoutaka, Zuwena hamo.

Lakini mmemtia ndani. Mtoto mliyemwoza kwa mtu ambaye hajamwona hata kivuli, mkamweka miaka akikupikia na kukukanda goti, kila mposaji mnamrudisha, "Huyu mke wa mtu, mumewe Ulaya." Sasa mmemvisha nguo za mjane, mmefunga na dirisha. Na wewe hukumlilia mwanao alipokuwa hai, unaazima mtu wa kukulilia. Lia mwenyewe, Asha. Wallahi hakuna atakayekucheka. Mie nitakuwa nalia huku, sauti yangu mbaya itafunika yako.

Nisalimie mke wa marehemu Shaame, mwambie bado nasubiri anijibu posa. Nisalimie imamu wa mtaa, mwambie nimesalisha na mbingu hazikuanguka. Hamad mpe salamu vilevile, ni mpwa wangu, hasira zake nazipokea kwa posta. Balbiri ameniambia nikuandikie kwamba anakuita mama. Fanya upendavyo nalo, mie nimelifikisha.

Na wewe Zuwena. Najua macho ya Asha hayasomi tena, na katika nyumba ile anayemsomea ni wewe, kwa hivyo sauti inayotoka hapa ni yako. Usinyamaze. Endelea, soma kwa nguvu, hata wa ukumbini wasikie. Mie Makame bin Faki, mjomba wa Nassor, nimeapa na Msahafu mkononi kuwa hukuwa mke wake. Mjane wake yuko huku, nimemwona kwa macho yangu, na kulia anajua. Wewe hujafiwa na mume. Ukifika mwisho wa mstari huu mwachie Asha karatasi, fungua dirisha, utoke.

Kaka yenu asiyefaa,
Makame bin Faki