Kila Nikipiga Simu, Bibi Amelala

Jumatano, Amsterdam. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyolowesha lakini haikatiki.

Tumefika leo. Jana Maskati ulikuwa huwezi kushika mlango wa gari bila kuungua, na leo nimevaa sweta. Nilidhani nitaandika kuhusu mifereji. Nimeingoja safari hii tangu rafiki yangu Muna aliposema mama yake, Bi Zuwena, amekubali kutuchukua mimi na mwenzetu wa darasa, Rayyan, mitihani ikiisha. Nimesoma kila nilichokipata. Najua kwa nini kila nyumba hapa ina ndoano juu ya paa: ya kupandishia vitu, kwa sababu kabati haipiti kwenye ngazi. Najua kwamba mji mzima umesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope.

Sikujua kwamba nyumba zimeinama. Ukisimama ukingoni mwa maji zinakuinamia, kama watu wanaotaka kukwambia kitu kisha wanaghairi.

Naogopa. Nasema hapa kwa sababu kule chini, kwa wenzangu, sijaweza kusema.

Bibi yangu mzaa baba tunakaa naye nyumbani kwetu, mtaa wa Ansab, Maskati. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa na homa na kifua, na mara mbili alipelekwa hospitali akarudishwa. Nilimwambia Mama sitaki tena kwenda. Bibi akasikia, akaniita chumbani kwake. "Nenda, mwanangu, ukayaone hayo maji yanayopita milangoni mwa watu. Mimi nnakungoja hapa hapa." Akanisomea, akanipulizia kichwani, nikaondoka.

Tuliposhuka ndege nilimpigia Mama.

"Bibi amelala," akasema, kabla hata sijamaliza kuuliza. "Nyinyi furahini tu."

Maskati ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu Bibi huwa keshakunywa chai yake na keshagombana na mtangazaji wa redio. Lakini mgonjwa hulala, nikajiambia.

Tukiwa tunangoja mabegi, simu ya Bi Zuwena ikalia. Akaitazama, akaenda kuipokelea mbali, akatupa mgongo. Aliporudi akaniwekea mkono begani. Bi Zuwena si mtu wa kushika watu mabega. Safari nzima alikuwa akinigombeza kwa kusahau vitu vyangu kwenye viti. Sasa akaniuliza kama nina njaa, na wenzangu hakuwauliza.

Na Muna. Ndani ya ndege Muna alikuwa Muna: "Profesa, ukianza tena habari za magogo nakutupa mferejini, wallahi!" Tulipoingia kwenye teksi akanipa kiti cha dirishani, akasema kwa upole, "Hebu tueleze zile ndoano, Nasra."

Hajaniita Nasra tangu darasa la nne.

Nilieleza. Walisikiliza wote hadi mwisho. Hakuna aliyepiga miayo.

Saa tano nikapiga tena. Kwetu ni saa saba mchana. Nyuma ya sauti ya Mama nilisikia watu wengi, na vikombe vya kahawa vikigongana.

"Bibi amelala, mama. Dawa zinamchosha."

"Nani hao wanaozungumza?"

"Televisheni."

Lakini mmoja wa hao wa televisheni alikuwa Shangazi Zahra. Sauti yake siikosei. Anakaa Nizwa, na kwetu huja Idi na matanga tu. Idi imeshapita. Kisha Baba akachukua simu kunisalimia. Jumatano, saa saba mchana, wakati ambao huwa ofisini Al Khuwair. Akaniambia nile vizuri. Baba hajawahi kuniuliza habari za chakula.

Nikafungua kundi letu la familia kwenye simu. Kila siku asubuhi kuna salamu arubaini, mawaridi na dua. Leo tangu alfajiri hakuna hata moja.

Najua kundi hunyamaza kwa nini. Hapa inabidi niandike kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Kwetu msafiri haambiwi msiba. Huachwa amalize alilofuata, arudi, ale, ndipo aambiwe akiwa katikati ya watu wake. Wakubwa husema ni huruma. Mwaka jana alifariki Babu mzaa mama, na binamu yangu Haitham alikuwa Malaysia kwenye mitihani ya chuo. Tukafungua kundi jingine asimokuwemo yeye. Haitham alikuwa akipiga simu kila siku kumuulizia Babu, na wakubwa wakakubaliana kwamba simu niipokee mimi. Kwa sababu kila mtu anajua sijui kusema uongo.

Siku tisa. Babu yuko msikitini. Babu anaoga. Babu amelala. Nilijizoeza mbele ya kioo ili sauti isitetemeke, na haikutetemeka. Wakubwa walinisifu.

Haitham aliporudi hakulia mbele yetu. Aliniambia tu, "Wote niliwashuku. Wewe sikukushuku."

Mpaka leo tunasalimiana kama majirani.

Kwa hiyo leo sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Mama anasema maneno yangu mwenyewe, kwa mpangilio ule ule, na sauti yake haitetemeki.

Ni saa kumi jioni sasa. Niko chumba cha juu cha nyumba tuliyofikia, nimesema kichwa kinauma. Wao wako chini na wanazungumza polepole. Niliteremka kuchukua maji wakanyamaza wote kwa pamoja. Rayyan macho yake mekundu. Akasema ni baridi. Bi Zuwena akasema kesho tutapanda boti, na mimi nitachagua njia. Nikasema ahsante. Dirishani maji ni ya kijani kiza, hayaendi popote, na matone ya mvua yanayatoboa kimya kimya.

Naweza kunyamaza. Tuna siku nane. Muna na Rayyan wameingoja safari hii kama mimi, na nikiuliza, likizo imekwisha hapo hapo. Naweza kupiga picha, kuchagua njia ya boti, kuwaacha wote wafanye huruma yao.

Lakini leo baada ya adhuhuri niliinua mikono nikamwomba Mungu ampe Bibi shifaa. Nikakwama katikati. Kuna dua ya mgonjwa na kuna dua ya maiti, na mimi sijui nimwombee ipi. Siwezi kumfanyia Bibi hivyo siku nane. Siwezi hata mpaka magharibi.

Nateremka. Nimeshapanga maneno, maana nisipoyapanga nitasema tena kwamba nataka maji. Sitamuuliza Bi Zuwena kama Bibi ameamka. Nitamuuliza amezikwa baada ya sala gani.

Na kama nimekosea, Bi Zuwena anigombeze kwa kumtabiria mtu kifo, na wenzangu wanicheke hapa, na ndani ya ndege, na shule nzima mwaka ujao.

Ya Rabbi, wanicheke.