Upande wa Kushoto wa Mto

Jumapili, mwezi wa tisa, Tottenham. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, ile mvua ya London isiyo na haraka ya kwenda popote. Nina huzuni, na nimechoka kujifanya sina.

Siku chache zilizopita tulikuwa kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali pasipo na barabara wala duka, mimi na mume wangu, Baba Neema, tukipiga makasia kwenye mtumbwi wa watu wawili, ndani ya msafara wa mitumbwi kadhaa. Ndiyo, sisi. Watu wa kanisani walituuliza kama tumerogwa. Lakini yeye ameendesha basi hapa London miaka mingi, na kila likizo alikuwa akitazama video za mito ile na kuniambia, ipo siku. Siku ikafika.

Kwenye mtumbwi wa aina ile, anayekaa mbele ndiye anayetazama mawe na kuita yako upande gani, ili wa nyuma akwepe. Baba Neema alikaa mbele bila kumwuliza mtu. "Mimi ndiye dereva," akasema, na sote tukacheka, hata kiongozi wa safari.

Mawe ya kulia aliyaita yote. Ya kushoto hakuita hata moja.

Mwanzoni nilimnunia tu. Tuligonga, tukakwaruzwa, tukasukumwa na maji yanayotokota kama sufuria ya makande. Mwishowe tukapinduka. Maji yale ni baridi ya barafu, yanakukata pumzi kabla hujakumbuka kuomba. Tulipofika ukingoni nikamgombeza mbele ya wenzetu wote, nikamwita mzembe. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ni baridi.

Kesho yake dubu alitoka msituni na mtoto wake, akasimama kwenye maji ya kina kifupi upande wa kushoto, karibu kiasi kwamba niliona maji yakimchuruzika manyoyani. Mitumbwi yote ikatulia. Watu wakashika midomo. Mume wangu akaendelea kupiga kasia, macho mbele, kana kwamba yuko peke yake mtoni.

Ndipo nikaelewa.

Nilimwuliza tulipopumzika kula. Akasema upande wa kushoto ulianza kufifia kabla ya baridi ya mwaka jana, pole pole, kama pazia linavyovutwa. Hajaenda kwa daktari. Baba yake aliishia gizani hivyo hivyo, na anajua atakachoambiwa. Barabarani huwa anageuza shingo tu.

"Niachie mpaka Krismasi, Mama Neema," akasema. "Ile ruti naijua hata nikifumba macho."

Maneno hayo yamenifuata ndani ya ndege, yamenifuata jana kazini nilipokuwa nikiwaogesha wazee ninaowatunza, na leo nimekaa nayo kanisani. Likizo yake inaisha leo. Kesho alfajiri ana shifti. Na nchi hii magari yanapita kushoto, kwa hiyo vituo vyote viko kushoto. Baiskeli zinapenya kushoto. Kila mama mwenye kigari cha mtoto anayengoja basi, anangoja upande ule ule.

Nampenda, na ndiyo maana naumia. Bila basi sijui atakuwa nani. Mtu akimwuliza anaitwa nani, huanza na namba ya basi.

Mchana huu alikuwa anapiga pasi shati la kazi pale sebuleni, nikamwambia asiende. Hakukasirika, na mimi ningeona nafuu kama angekasirika. Alipiga pasi mkono mmoja wa shati mpaka mwisho, kisha akaniuliza bila kuinua uso, "Wewe mwenyewe, kesho ungepanda basi langu?"

Nimepanda basi lake mara nyingi sana, nikijikalia kiti cha mbele kama mke wa waziri.

Nikasema hapana.

Akazima pasi. Shati bado liko pale pale, limenyooka nusu. Amesema kesho kukicha atapiga simu kazini mwenyewe, halafu kwa daktari, na mimi nisiseme lolote, nikae tu karibu naye.

Nitakaa. Upande wa kulia, anione.