Matunda Yasiyo na Mwenyewe

Jumatano jioni.

Leo Neema wangu amecheka. Siku nne za homa hajala, na mimi kazi yangu kumwangalia kifua kama bado kinapanda.

Alinipa simu ya baba yake nimchezee gemu, vidole vyake havina nguvu. Ndani ya gemu kuna katoto kanakimbia, na machungwa na zabibu zinaning'inia hewani tu, zinang'aa kama ndotoni. Mimi nikawa nakapitisha pembeni kasiziguse.

"Mama! Mbona unayakwepa matunda? Chuma, ndiyo yanakapa nguvu!"

"Ya nani?"

"Hayana mwenyewe, mama!" Akacheka mpaka akakohoa.

Miaka yote hii navuna zabibu kwenye mashamba ya watu. Ukitia punje moja mdomoni, msimamizi keshakuona. Mkono umezoea kuogopa.

Basi nikachuma. Katoto kakapaa juu ya mawingu, na moyo wangu ukapaa nako. Sijui nilikaa huko muda gani.

Niliposhusha simu, Neema alikuwa ameketi. "Na mimi nipe la kunipa nguvu."

Nikamkatia papai. Amekula vipande viwili. Viwili tu, lakini... Mungu wangu, amekula.