Yenye Injini Yake

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na mikono yako imepona ile sabuni kali ya kufulia mashuka ya hospitali. Mimi nipo. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni mzigo wa mtu mwingine niliopewa niutunze, lakini mikono ni ile ile. Sauti haijarudi tangu walipoutoa mpira wa kupumulia kooni, ndiyo maana nakusumbua kwa barua. Simu haitaki minong'ono.

Mjane wa Askofu anakuja kila siku, asubuhi kunigeuza na jioni kunilisha uji. Shangazi yako peke yake asingeniweza. Mama huyu akiinama kunifunika, mimi natazama pembeni. Mumewe, Askofu wa jina la utani tu, alikuwa utingo wangu miaka yote ile, tumekula sahani moja, na siku aliyokufa usukani nilikuwa nimeushika mimi. Hajaniuliza kitu mpaka leo.

Nina ombi. Taratibu, dereva mwenzangu anayekuletea barua hii, alinionyesha kwenye simu yake gemu la kuendesha malori. Si mchezo wa watoto. Mna gia, vioo, mizani, mpaka breki za tela. Anasema linachezwa kwenye laptopu. Nitafutie moja, hata ya bei ya chini. Nimechoka kutazama dari.

Barua ikichelewa usinilaumu. Huyu bwana hakupewa jina hilo bure.

Baba yako


Tarehe 17 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mikono inaendelea vizuri, hofu ni kwako tu. Msalimie shangazi na mjane wa Askofu, mwambie kila siku namwombea heri.

Nimekwenda madukani. Kumbe laptopu za gemu ziko za aina mbili. Za kwanza, picha zinachorwa na ubongo ule ule unaofanya kazi nyingine zote, na kumbukumbu ni ya kugawana. Za pili zina kadi ya picha ya peke yake, na kumbukumbu yake. Za kwanza ni nyepesi, hazichemki sana, na chaji inadumu, jambo ambalo kwa umeme wa hapo nyumbani si dogo. Za pili ni nzito, zinaunguruma, na bei yake inanitazama kwa dharau. Nikamuuliza muuzaji, je, kwa gemu la malori? Akasema inategemea. Nimegundua wauza kompyuta wote wamesomea neno hilo hilo.

Sasa niambie wewe, unalitaka la kupitishia muda tu au una shughuli nalo? Kama ni kupitisha muda, ile nyepesi haitakulemea kifuani.

Mwanao


Tarehe 6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa shangazi yako na mgongo wake, na mimi na wangu.

Umeeleza vizuri kuliko huyo muuzaji wako. Ni mambo ya malori ya friji. Kuna lori ambalo injini moja inavuta mzigo, na hiyo hiyo inaendesha friji. Tambarare huoni tofauti. Ukifika mlimani umejaza, lazima kimoja kinyimwe, na ukifika sokoni samaki wananuka. Lile jingine friji lina injini yake, hata dereva akizima gari lenyewe linaunguruma tu. Nichagulie yenye injini yake. Kama haiwezekani acha kabisa, nitaendelea na dari.

Umeuliza nina shughuli gani nalo. Nakwambia wewe tu. Siku ile naukumbuka mteremko. Naikumbuka ile mvua, na sehemu ya nyuma ya lile lori bovu lililoachwa baada ya kona bila alama yoyote. Baada ya hapo nakumbuka hospitali. Katikati hamna kitu. Wakaguzi waliandika kwamba dereva alichelewa kushika breki. Mimi sijui, mwanangu. Nimelala hapa na sijui. Nataka nishuke tena mteremko wenye kona, nikute gari limesimama, nione mwenyewe kama ninachelewa. Nikiona ninawahi, nitaweza kumtazama yule mama usoni.

Baba yako


Tarehe 29 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii na mzigo wake vitakukuta salama.

Nimeipata. Muuzaji wa duka la pili alinionyesha stika iliyo pembeni ya vitufe, imeandikwa grafiki kwa herufi za kung'aa, akasema hiyo ndiyo kadi yenyewe. Nimeiona kwa macho yangu. Imeshatumika kidogo lakini ni safi. Gemu limeshawekwa ndani. Breki nimeihamishia kwenye kile kitufe kirefu cha chini, usikikose hata ukiwa umefumba macho. Taratibu ameapa ataipakata njia nzima kama mwali.

Ila baba, nilisoma barua yako nikakosa raha. Usiitafute siku ile humo. Endesha tu, ufurahi.

Mwanao


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba. Imefika bila mkwaruzo.

Shangazi yako ameniwekea ubao juu ya kitanda, laptopu juu yake, na mimi nimerudi kazini. Mvua iliponyesha kwenye kioo, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta waipa. Mjane wa Askofu aliona, akacheka. Sikuwahi kukisikia kicheko chake tangu msiba. Akasema nimesahau jambo, sijapiga matairi. Unakumbuka mumewe? Hatuondoki mpaka azunguke lori zima, apige kila tairi kofi na kuliambia nenda kwa amani. Ndiyo maana tukamwita Askofu, na sala hata moja hakuimaliza bila kukosea. Basi mama wa watu akaipiga laptopu kofi dogo kwa nyuma, nami nikatia gia.

Naendesha tambarare tu. Mteremko bado. Naogopa, mwanangu.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sijangoja jibu lako.

Nimeushuka. Nimeushuka mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Tambarare naendesha kama zamani, hakuna wa kunifundisha. Lakini kwenye mteremko, mvua ikinyesha na magari yakiwa mengi, naliona lori limesimama mbele, nashika breki, na kushtuka nimeshaingia chini yake. Barabara ni kama inasimama kidogo halafu inaruka. Nadhani ndivyo mtu aliyechelewa anavyoona. Nimejaribu kushika mapema zaidi. Bado nachelewa. Laptopu ina injini yake, kwa hiyo si yenyewe. Ni mimi. Wakaguzi walikuwa wakweli.

Jana nimemwambia mjane wa Askofu. Sauti haikutoka, nikamwandikia kwenye karatasi: mumeo nimemuua mimi, nilichelewa breki. Akaisoma, akaikunja, akamaliza kunilisha uji, akanipangusa mdomo. Leo hajaja.

Baba yako


Tarehe 20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Barua yako imenifikia jana, nimeisoma nimesimama katikati ya vikapu vya mashuka. Nimempigia shangazi, anasema hutaki kula na yule mama hajarudi.

Nisikilize. Nilimpelekea barua yako fundi wa kompyuta wa hapa hospitali. Alipofika pale uliposema barabara inasimama halafu inaruka, akaniambia, "Huyo mzee hajachelewa. Zinazochelewa ni picha." Akaniuliza namba ya laptopu, nikampa risiti, akaitafuta. Haina kadi. Ile stika ni jina la sehemu ya picha iliyo ndani ya ubongo ule ule. Ni lori la friji la injini moja, baba. Tambarare huoni kitu. Mvua, kona na magari vikija pamoja inaelemewa, unachokiona kinakuwa kimeshapita, na hata kitufe chako kinasikika kwa kuchelewa. Hapo hata malaika angeingia chini ya lile lori.

Kosa ni langu, niliamini stika. Usiiguse tena. Mwite mjane wa Askofu, mpe barua hii aisome mwenyewe. Na ule, baba, nakuomba.

Mwanao


Tarehe 9 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini kazi inakwenda na afya ipo.

Barua yako nimeisoma nikaikariri. Wewe ni mtoto mwema. Mwezi wa tatu uliniandikia laptopu ina kadi yake, umeiona kwa macho yako. Nilipokwambia nimeua mtu, kadi ikatoweka. Mama yako alipokuwa mgonjwa na mimi niko safarini, uliniandikia kwamba anakula vizuri na anaulizia zawadi. Nilifika nikakuta ameshazikwa. Sikukulaumu hata siku moja, ulitaka niendeshe salama. Sasa unataka nife salama. Ahsante, mama yangu. Lakini mtoto hawezi kuwa shahidi wa baba yake.

Sikumpa yule mama barua yako. Nimwendee na cheti cha kutokuwa na hatia kilichoandikwa na binti yangu? Haji, na ana haki. Shangazi yako anajitahidi kunigeuza lakini mgongo wangu umetoka vidonda, na uji haushuki. Laptopu nimeifunga. Usininunulie nyingine.

Baba yako


Tarehe 27 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa basi ili initangulie.

Nimepata nyingine, na safari hii fundi wa hospitali ameifungua na kunionyesha kadi yake kwa kidole. Nimeomba likizo. Nakuja nayo kwenye lori la Taratibu. Hutaki kuniamini mimi, sawa, utaiamini mikono yako. Nakuwekea kwenye ubao wako, unashuka mteremko ule ule, ukishika breki lori litasimama. Nisubiri. Sikuombi kingine.

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kitanda chako. Mimi si mzima, na leo sitakudanganya.

Shangazi alipiga simu tukiwa bado njiani. Taratibu aliegesha lori pembeni, akazima injini. Tulifika umeshazikwa, kama ulivyofika wewe kwa mama. Shangazi anasema alikusomea barua yangu ya mwisho, ukageuza uso ukutani.

Leo nimeziweka laptopu zote mbili juu ya ubao wako. Nilimwita mjane wa Askofu. Alikuja lakini hakutaka kukaa, akasimama mlangoni. Taratibu aliendesha ile ya kwanza, mteremko, mvua, magari. Akashika breki, akaingia chini ya lile lori. Akarudia, akaingia tena. Huyu ni Taratibu, baba, mtu anayeshika breki akimwona kuku. Kisha akahamia kwenye ile mpya. Inaunguruma kama ulivyosema. Barabara haikuruka. Akashika pale pale alipokuwa akishika mwanzo, lori likasimama, na mbele yake pakabaki nafasi ya mtu kupita.

"Rudia," akasema yule mama. Taratibu akarudia. Likasimama.

Najua gemu si barabara. Huu si ushahidi. Lakini hata ule wa kwanza haukuwa ushahidi, na wewe ukaukubali.

Nikampa barua yangu ya mwezi wa tano, nimeikuta chini ya mto wako. Aliisoma polepole. Nikamuuliza kama alikasirika siku ile. Akasema, "Nilichukulia tangu msibani kwamba huenda alichelewa, na bado nilikuja kumgeuza. Siku ile nilitaka nikalie kwangu, nisimlilie machoni. Kisha siku zikawa nyingi, nikaona haya kurudi."

Ndivyo ilivyokuwa, baba. Wewe ulingoja akusamehe, naye alishakusamehe kabla hujamwambia, na mimi ndiye niliyewaletea mashine iliyowatenganisha. Sijui nitaishi vipi na jambo hili.

Baadaye alikaa pembeni yangu hapa kitandani. Akaipiga ile laptopu mpya kofi dogo kwa nyuma, akaniuliza breki ni kitufe kipi. Nikamwonyesha kile kirefu.

Mwanao