Taa ya Ukungu na Mkwe Asiyekalia Kiti Changu

Kalemie, Alhamisi jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, matope yamejaa hadi kizingitini, ziwa limetulia. Nami nina furaha ya kijinga, ile ya kucheka peke yako jikoni.

Shajara yangu, kaa vizuri. Leo nina mengi.

Habari ya pikapu unaijua. Ilishuka kwenye meli ya Kigoma, usukani upande wa kulia kama magari yote ya kule, na nimeipata kwa jasho la ndakala, samaki wadogo ambao harufu yao haitaniacha hata nikioga kwa manukato. Unajua pia kwamba Jumapili mjukuu wangu anabatizwa Kirungu, kwetu milimani. Amepewa jina la mama yangu mzazi, na mama yangu hawezi tena kushuka hadi huku. Ametuma ujumbe kwamba anataka kumshika wajina wake kabla hajafa. Maneno hayo ya "kabla sijafa" nimeyasikia tangu nikiwa msichana, lakini safari hii hakuyasindikiza na mzaha, na mimi niliogopa.

Sasa, gari lililotoka nje halivuki kizuizi cha askari bila karatasi ya ukaguzi. Na mkaguzi ameshika lake: gari linalopanda milima ya Marungu lazima liwe na taa ya ukungu nyuma, nyekundu, kali. Bila taa hakuna karatasi. Bila karatasi hakuna Kirungu.

Watu hapa mjini wanacheka. Wanauliza ukungu gani, na jua hili linachoma hadi nyayo? Mimi sikucheka. Nimezaliwa kule. Kuna asubuhi Kirungu unamsikia mbuzi akikohoa, na humwoni mpaka umkanyage.

Fundi hakuwa wa kutafuta. Asukulu, mume wa binti yangu Mumba, anafunga umeme wa magari, na mikono yake inasifiwa hadi bandarini. Ni mtu wa kaskazini ya ziwa, kijana mtaratibu. Taa aliipata kwenye lori lililokufa la mgodi, huko Manono, akaisafisha, akaja kuifunga jana hapa uani kwangu.

Tatizo ni kwamba mimi na Asukulu hatutazamani.

Si ugomvi, Mungu apishe mbali. Ni heshima. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawapeani mkono. Haingii nyumbani mwangu, na mahali ninapokaa mimi yeye hakai. Inabaki hivyo mpaka siku ya kumwingiza: mama mkwe anapika kwa mkono wake mwenyewe, mwanamke mzee anasimama kuwa shahidi, mkwe anakula mbele yao, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba. Siku hiyo tuliipanga iwe Jumapili hiyohiyo baada ya ubatizo, mama yangu akiwa ndiye mzee wa kusimama. Kwa hiyo mpaka leo asubuhi, mume wa mwanangu nilimjua kwa mgongo na kwa kikohozi chake cha kubisha hodi.

Basi jana yeye alikuwa chini ya gari, mimi nimejibanza jikoni nyuma ya nyumba, na Mumba katikati, mtoto mgongoni, akibeba maneno huku na huku. Mume wangu angetusaidia, lakini ametangulia Kirungu kwa lori, eti kupanga sherehe. Ninavyomfahamu, anapanga pombe.

"Mama, anauliza kama kuna bisibisi."

"Mwambie iko chini ya ndoo."

"Anasema asante."

"Mwambie hakuna shida."

Maskini binti yangu, alichoka kama posta. Jioni akaniita, Asukulu akiwa ameshaondoka. Nikatoka, nikaikuta taa inawaka, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nikacheza kidogo pale uani, nikarudi kwenye sufuria zangu. Sikuuliza imewashwa kutoka wapi. Nani huuliza?

Leo tukaenda kwenye uwanja wa ukaguzi, mimi kwenye usukani na kitenge changu cha misa, Mumba na mtoto pembeni. Asukulu alikuja kwa miguu na mfuko wake wa vyombo, akasimama langoni, ametupa mgongo kama inavyopasa.

Mkaguzi ni mtu wa sauti laini na moyo mgumu. Breki, sawa. Honi, sawa. Akazunguka nyuma, akaita:

"Mama, washa taa ya ukungu."

Nikaangalia mbele yangu. Nikabonyeza hiki, wiper zikaruka. Nikavuta kile, honi ikalia, mtu mmoja kwenye foleni akashtuka. Ndipo Mumba, bila haraka, akafungua mlango, akashuka na mtoto wake, akazunguka hadi nyuma, akainama, akapenyeza mkono chini ya bampa.

Taa ikawaka.

Mkaguzi akamtazama Mumba, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Mama, ukikuta ukungu kule Marungu, utasimama kwanza, utashuka, utainama nyuma, ndio uwashe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mumba akarudi dirishani, akaninong'oneza:

"Mama, angeiweka wapi? Swichi ya mbele inaomba muntu akae mu kiti yako."

Nikaelewa. Kijana wa watu alikuwa na waya za kutosha na akili ya kutosha. Kitu alichokosa ni ruhusa ya kukaa pale ninapokaa mimi. Tangu gari lifike nakikalia kiti hicho kila siku, kimeshika hadi umbo langu. Akaona heri aonekane fundi mbaya kuliko mkwe asiye na adabu, akaificha swichi nyuma, asiseme neno. Nikatupa jicho langoni. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Alisikia kila kicheko.

Niliumia, shajara. Niliumia kweli.

Mkaguzi akasema dereva lazima awashe akiwa amekaa, na yeye anafunga saa sita, na kesho hafungui. Papo hapo kila mtu akawa mhandisi. Mmoja akasema tuking'oe kiti, fundi apige magoti pasipo na kiti. Tukajaribu, nati zimeshikwa na kutu hazikusogea hata kidogo. Halafu nyumba si kitanda. Ukitoa kitanda inabaki nyumba ya mama mkwe, na ukitoa kiti panabaki mahali pangu. Fundi mwingine akajitolea kumalizia kazi, na hakuwa na nia mbaya. Lakini kumwita mgeni amalizie kazi ya mkwe wangu mbele ya watu waliotoka kumcheka ni kumvua nguo sokoni. Nikakataa.

Nikakaa pale nikizunguka na mawazo. Ili tufike Kirungu, Asukulu akalie kiti changu. Ili akalie kiti changu, lazima aingizwe. Ili aingizwe, tufike Kirungu.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia.

Langoni pana mama mmoja anayeuza bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndakala wa kukaanga. Ni bibi wa wajukuu wengi, ametoka Moba, pande za Kirungu, kama mimi, na ulimi wake hauna breki. Nikashuka garini, nikamwendea moja kwa moja. Nikamwambia, Mama, nikopeshe moto wako, sufuria yako na uzee wako. Nataka kumwingiza mkwe.

Akaniangalia kitenge, akaangalia matope.

"Hapa? Katikati ya magari?"

"Hapa hapa."

"Basi funga kitenge vizuri, mwenzangu. Bukari ya mukwe haipikwe na kiuno legevu."

Nikapika. Mimi, na kitenge cha misa, nimeinama juu ya moto wa mtu, moshi machoni, nikisonga bukari huku watu wa foleni wakihesabu mabonge na kutoa maoni. Waliotoka kucheka sasa walisogea karibu mmojammoja. Wengi ni watu wa huku, wanaijua shughuli. Hata mkaguzi aliisogelea sufuria. Akatazama saa yake, kisha akaivua na kuitia mfukoni, na mimi tangu hapo nimemsamehe yote.

Bibi akamwita Asukulu. Alikuja ameinamisha kichwa kiasi kwamba angeweza kugonga nguzo. Nikammiminia maji mikononi. Kisha nikasema, maana ni lazima mama mkwe aseme mwenyewe:

"Asukulu, mwana yangu, kula. Tangu leo nyumba yangu ni nyumba yako, na kiti yangu ni kiti yako."

Akakata bonge, akalichovya kwenye mchuzi wa bibi, akalitia mdomoni lote. Lilikuwa linachemka, nimelitoa motoni sasa hivi. Lakini utapuliza vipi chakula cha mama mkwe siku kama hiyo? Akameza moto mzima mzima. Machozi yakamtoka, akainua uso kutafuta maji, na macho yake yakakutana na yangu.

Nilimwona.

Ana uso wa mviringo, mwanya katikati ya meno, na nyusi nene zilizokutana, zilezile za mjukuu wangu! Nilikuwa najiuliza mtoto amezitoa wapi, maana kwetu hazipo. Nikaanza kucheka, naye akacheka na mdomo wake ulioungua, na bibi wa bukari akapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Mumba alikuwa analia. Yeye ndiye aliyebeba maneno yetu tangu aolewe, nadhani alikuwa anautua mzigo.

Kisha kazi. Asukulu akafungua mlango wa pikapu, akasimama kidogo, akakalia kiti changu. Akatoboa tundu la swichi karibu na usukani kwa kekee ya mkono, akauvuta waya kupitia chini ya sakafu, akaunganisha na taa kubwa za mbele ili ile nyekundu isiwake peke yake mchana ikatuumbua. Hakukosea hata mara moja. Yule fundi mwingine alimshikia tochi.

Akashuka, akaenda nyuma ya gari. Nikapanda mimi. Nikasikia sauti ikiniita mwenyewe, bila mtu katikati:

"Mama, washa!"

Nikawasha.

Mkaguzi akagonga mhuri. Kisha akaketi, akala bukari iliyobaki.

Sasa ni jioni. Nakiri kwamba naogopa kidogo. Mama yangu alijiandaa kusimama Jumapili, na mimi nimempa nafasi yake muuza ndakala. Atanikemea, na ana haki. Nitapiga magoti nimwambie ukweli wote, nimpe mtoto mikononi kwanza, halafu niseme.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nakuandikia wewe tu. Jioni hii Asukulu ameingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza. Nilimkaribisha kiti, nikamuuliza hali ya kazi. Shajara, kijana huyu anasema! Yule niliyemwita mtaratibu! Ameeleza betri, ameeleza dinamo, ameeleza kwao kaskazini na samaki wao, na mjomba wake aliyeuza boti mara mbili. Chai imepoa, mtoto amelala, Mumba naye amelala kwenye kiti, na yeye ndiyo kwanza anafika katikati. Nimeanza kushuku kwamba wazee waliotuwekea ukimya ule walijua wanachofanya.

Kesho alfajiri tunaondoka. Atakaa mbele, kushoto kwangu, na njia ya Marungu ni ndefu. Aseme tu. Nimeambiwa maneno yake na mtu mwingine muda wa kutosha. Kilima kwa kilima, sasa nitayasikia mwenyewe.