Kiganja Kifuani

Jumatano, 3 Juni
Mshonaji wa chini ya ngazi amenigongea mlango asubuhi. Hasikii wala hasemi. Ishara zake alifundishwa na marehemu mke wangu, kiziwi mwenzake. Akaniita "Babu" kama alivyoniita mke wangu: kuvuta ndevu nisizokuwa nazo! Nikageukia dirishani kidogo, jambo lisilo la adabu mbele ya mgeni.

Kamati ya jengo yataka kumwondoa pale na cherehani yake, paegeshwe pikipiki. Kura ni Jumapili. Aomba nimsemee. Nimekubali, ingawa mikono yangu haijazungumza tangu msiba.

Ijumaa, 5 Juni
Nimemwendea mwenyekiti, kwa heshima zote. Hapa kwetu hupigwa kura ya sauti. Aliyenyamaza huhesabiwa amekubali. Sasa huyu atapingaje? nikamuuliza. Akacheka. Eti, Mzee wangu, sheria ni moja kwa wote, tukimpindishia huyu kesho mabubu wote wa mjini watahamia hapa! Nikamjibu, kwa samahani nyingi, kwamba hiyo ni sheria moja kwa wenye sauti. Akasema basi, msemee wewe, yaishe.

Jioni nimefanya mazoezi mezani. Nimesahau ishara ya "riziki". Angekuwepo angenipiga kikofi, kisha anionyeshe tena. Kiti chake kitupu — nacho nikakiomba radhi.

Jumapili, 7 Juni
Naandika hapa hapa mkutanoni, naomba nisamehewe.

Nilisimama kando yake, nikafungua kinywa. Akaniziba kwa kiganja! Kicheko. Mama wa ghorofa ya juu: "Babu kapigwa breki!" Mshonaji akaniagiza neno moja tu: wanitazame mimi. Nikalifikisha, nikanyamaza. Kazi ngumu hiyo.

Akaonyesha cherehani. Watoto. Mikono ikapokea, ikafumba — riziki! Ndiyo ile! Kisha kiganja kifuani, kikasukumwa nje: sikubali. Polepole. Akarudia.

"Sasa anasema nini?" akauliza mwenyekiti.

"Hata mimi nimemwelewa," akasema yule mama. "Wewe macho umeyaacha nyumbani?"

Kura. "Ndiyo" ikanguruma. "Wanaopinga?"

Kimya.

Kisha kiganja cha yule mama kifuani, kikatoka nje. Cha mlinzi. Vya safu nzima ya nyuma. Ishara ya mke wangu, kwenye mikono ya watu ambao hawakupata kuzungumza naye! Laiti angaliiona.

Mwenyekiti asema hajasikia sauti yoyote. Wanamwambia ahesabu mikono. Anafuta miwani, anafuta tena. Hakuna aliyeshusha. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado uko juu.